Karatasi Iliyowakimbiza Wageni Wangu

Nakumbuka asubuhi moja niliyoingia kijijini kwetu nimevaa gauni jeupe la harusi, viatu nimevishika mkononi, nikakuta hakuna mtu. Sisemi watu walikuwa wachache, mwanangu. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Milango ilikuwa wazi, majivu ya jikoni bado yalikuwa na moto ndani yake, na juu ya mafiga ya shangazi yangu chungu cha sombe, majani ya mihogo, kilikuwa kinaungua peke yake. Hata kuku hawakuwapo.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo jana, wewe na mchumba wako mliponiletea kadi zenu za harusi nizione. Kadi nzuri, zinang'aa, na majina yenu yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nilizisifu, na nilizisifu kwa moyo. Kisha mkaniuliza kama nina neno la kuwaambia kabla ya siku yenyewe, nikasema ngoja nilale nalo kwanza. Sasa nimeamka, kaeni chini. Na wewe mkwe wangu, weka simu pembeni kidogo, maana mimi mwenyewe sina betri nyingi.

Wakati huo tulikuwa bado chini ya Wabelgiji. Mimi nilikuwa kwa masista mjini Kasongo, najifunza kusoma na kushona. Kwetu kulikuwa mbali, upande wa Kabambare, kijiji kilichokaa kati ya mashamba ya pamba na msitu wa mtoni. Babu yenu Gaspari alikuwa karani katika biro, yaani ofisi moja ya serikali hapo mjini. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye alama ya wino kwenye kidole ambayo haikutoka hata akioga mara tatu. Nilimpenda kwa sababu ya ile alama ya wino. Mnacheka, lakini ndivyo msichana anavyopenda.

Wazee wa pande zote mbili walipokwisha kukubaliana, likabaki jambo moja tu la kupanga, siku yenyewe. Padri aliyekuwa akizunguka vijijini alitupa Jumamosi moja kabla ya mvua. Angefika kwetu kwa baiskeli, angetufungisha ndoa, na kabla jua halijaelekea upande wa pili angeondoka kwenda kijiji kingine. Tukimkosa siku ile, harudi mpaka mvua ziishe na mito ishuke. Kwetu walijua harusi iko karibu, ila siku hawakuijua, na ilikuwa kazi yetu kuwaambia.

Gaspari alitaka tupeleke habari kwa mdomo. Mjomba wake angekwenda kwa miguu, angeketi na baba yangu, wangekula pamoja, na angesema lililomleta. Mimi nilikataa. Lisikieni hilo kutoka kwangu, maana babu yenu alilibeba kosa hili mbele za watu mpaka anaingia kaburini, na hakunitaja hata siku moja. Aliyekataa ni mimi.

Nawaambia na sababu. Siku moja Gaspari alinionyesha jina langu alilolipiga kwa mashini ya biro: AGATA FEZA. Herufi zimesimama wima, nyeusi, moja baada ya nyingine. Nilikuwa sijawahi kuona jina langu hivyo. Niliishika ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai, na nilihisi kwamba sasa nipo duniani kweli. Nikafikiri, kama mimi nimejisikia hivi, itakuwaje kwa baba ambaye jina lake halijawahi kuandikwa mahali pa heshima? Itakuwaje kwa nyanya yangu? Nikamwambia Gaspari apige barua ya kuwaalika, na chini yake ayapange majina yote, kila mtu kwenye mstari wake. Wa kwanza baba yangu Mulamba, kisha mjomba Sumaili aliyetakiwa kunishika mkono na kunikabidhi, kisha shangazi, kisha nyanya Kalombo, mpaka majirani wa mwisho kabisa karibu na kisima. Yalitimia zaidi ya thelathini.

Halafu nikataka na kashe, ule mhuri wa zambarau wa biro. Gaspari alisita. Mhuri haukuwa wake, na karani aliyekamatwa akiutumia kwa mambo yake angepigwa fimbo na kufukuzwa kazi. Alinieleza hayo polepole. Mimi nikanuna. Mwanangu, kununa kwangu siku zile kulikuwa na nguvu kuliko amri ya Bwana Mkubwa. Siku ya tatu akapiga mhuri.

Tukampata na mtu wa kuipeleka, tarishi wa biro aliyekuwa akienda upande wa Kabambare, mwenye nguo za kazi na kofia nyekundu kama ya askari. Tulijiona tuna bahati. Haya, ziwekeni pamoja hizo zote: karatasi ya serikali, herufi za mashini, orodha ya majina, mhuri, na mtu mwenye kofia nyekundu. Mimi niliyezaliwa kijijini kule, niliziweka pamoja kwa mikono yangu mwenyewe na sikuona nilichokuwa nakitengeneza.

Tulisafiri kwa kamyo, lori la kubebea pamba, mpaka penye njia panda, tukalala kwa jamaa wa Gaspari, na kulipopambazuka tukaanza kutembea. Tulikuwa mimi, yeye, mjomba wake na jamaa zake wachache waliobeba mchele na samaki wakavu wa Nyangwe. Kwenye kijito kilicho karibu na kwetu nikanawa na kuvaa gauni langu, ambalo lilishonwa na fundi mmoja wa Kiislamu pale mjini, mzee mwenye mkono mwepesi sana. Gaspari akavaa koti, na kichwani akaweka kofia ngumu ya kizungu aliyoazima kwa karani mwenzake. Alionekana mtu mkubwa. Tukapanda kilima, kisha tukashuka kuelekea nyumbani, mimi nimetega sikio nisikie kigelegele cha kwanza.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliita baba, niliita shangazi. Mbele ya mlango wa baba niliikuta karatasi yetu imelala chini, na juu yake wameweka jiwe ili upepo usiichukue. Waliiogopa hata kuichana.

Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Mzee Lubunga, mpigaji wa ngoma ya kijiji. Goti lake lilikuwa limevimba miaka mingi, na alikuwa ameketi kwenye kibanda cha ngoma akitutazama tu. Nikamwamkia kwa kupiga magoti, gauni na vyote, nikamwuliza watu wako wapi. Alinyoosha kidevu kuelekea msituni.

Akatueleza kwamba tarishi alifika jana jioni, akamtupia baba karatasi, akaenda zake bila neno. Katekista, ambaye peke yake alijua kusoma, alikuwa ameondoka tangu juzi kwenda kumpokea Padri. Baba aliigeuza karatasi mkononi, akaona mhuri, akaona mistari. Watu walikaa wakibishana wakimbie au wasikimbie. Asubuhi hii wakaona kundi la watu linashuka kilimani, na mbele yao mtu mwenye koti na kofia ya kizungu. Ubishi ukaisha hapo hapo.

Nikamwambia yalikuwa majina ya wageni wa harusi.

"Mutoto wa Mulamba," Mzee Lubunga akasema, "karatasi ya kashe inakuyaka hapa kwa mambo tatu: kodi, barabara na mugodi. Na kama iko na majina ya watu, ile haiko kodi."

Hapo nikakumbuka. Mwaka uliotangulia orodha ilikuja kijijini. Wanaume sita waliosomwa walipelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, na wawili walikuwa hawajarudi. Mjomba Sumaili alikuwa kwenye orodha ile na alitoroka njiani. Habari hizo zilinifikia kwa masista, nami nikalia kutwa nzima. Lakini nilipokuwa nachagua majina yangu, moyo umejaa harusi, sikuikumbuka orodha ile hata kidogo. Nikaketi chini pale pale nikaanza kulia.

"Unalilia nini?" Mzee akaniuliza, bila ukali. "Hawakukukataa weye. Muliita watu na kile kitu kinawakamataka."

Hakusema zaidi ya hayo kunikemea. Nimekemewa mara nyingi maishani, na masista walijua kukemea, lakini maneno hayo machache ndiyo ninayoyasikia mpaka leo.

Jua lilikuwa linapanda. Gaspari aliivua ile kofia, akaiweka chini, akamwomba Mzee apige ngoma awaite watu. Mzee akatikisa kichwa. Askari wakiingia kijijini, alisema, jambo la kwanza ni kumlazimisha mpigaji awaite watu warudi, na watu walioko msituni wanalijua hilo. Watadhani amewekewa bunduki mgongoni. Atapiga, ila hawezi kuahidi kwamba watakuja. Kisha akaniambia niokote karatasi.

"Nisomee," akasema. "Jina moja moja."

Ngoma ile haikuwa na ngozi. Ilikuwa gogo kubwa lililochimbwa tumbo, na mdomo mrefu mwembamba juu yake, upande mmoja sauti nene, upande wa pili sauti nyembamba. Kwetu kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Nililijua hilo utotoni, kisha nikalisahau, maana Kasongo nilijifunza kuyaona mambo ya ngoma kuwa mambo ya washamba. Nikasoma, "Mulamba." Kwenye karatasi lilikuwa neno moja. Mzee akainua fimbo zake mbili akaanza kulipiga, na halikuisha. Alimtaja baba, akamtaja baba yake, akakitaja kilima alichozaliwa na mwaka wa njaa aliowalisha jirani zake, na mimi niliyekuwa nimeyasahau yote nikaanza kuyasikia tena moja baada ya jingine. Nikasoma "Sumaili," akapiga. Nikasoma "Kalombo," akapiga, na la nyanya lilikuwa refu kupita yote.

Mwanangu, sijui niseme vipi ili mnielewe. Nilisimama pale na karatasi yangu nzuri, na nikaona jinsi nilivyowafanya watu wangu kuwa wadogo nikidhani nawakuza. Kila jina nililolisoma lilitoka kinywani mwangu fupi, na kwenye ngoma likawa mtu mzima, na wazee wake nyuma yake. Thelathini na zaidi niliwasoma, na kila mmoja alipopita hewani niliona haya na niliona fahari, vyote pamoja. Gaspari alikuwa kando yangu machozi yanamtoka waziwazi. Sijaingia kanisa wala jumba lolote, hapa wala kwingine, lililonifanya nijisikie mdogo na mwenye heri kama asubuhi ile.

Orodha ikaisha. Msitu ukanyamaza. Tulingoja, na hakuna jani lililotikisika.

Mzee Lubunga akafuta jasho, akapiga tena, safari hii jina nisilolijua. Alipomaliza nikamwuliza ni la nani. Akasema ni langu. Alinipa siku ile nilipoondoka kwenda kwa masista, nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo hakuwa na sababu ya kulipiga mbele yangu. Jina lenyewe siwaambii, ni langu. Ila mwisho wake lasema, rudi tukuone.

Ndipo ukingoni mwa shamba la mihogo akatokea mtu mmoja, peke yake. Alikuwa nyanya Kalombo. Alitembea polepole, mikono ameifungua pande zote mbili kuonyesha hana kitu, haangalii kushoto wala kulia. Baadaye shangazi alinisimulia yaliyotokea kule msituni. Wanaume walikataa kutoka, wakisema ni mtego. Nyanya akasimama, akajifunga kitambaa chake kiunoni, akasema, "Miye niko muzee. Wakinikamata, wamekamata nini? Niende nione." Wakamzuia, akawapita. Kwa hiyo alipokuwa anatembea kuja kwangu, alijua anakuja kukamatwa.

Macho yake hayakuwa mazuri. Alifika mbele yangu akanigusa kichwa, akanigusa masikio, akashuka mabegani, akaipapasa ile nguo ya fundi wa mjini kwa mikono iliyojaa tope la mtoni. Akaligusa kovu langu la kidevuni, nililolipata nikianguka na mtungi wake.

"Ni Feza," akasema. "Iko Feza, amevaa tu nguo nyeupe."

Kisha akainua uso akapiga kigelegele. Mwanamke mwenye meno manne. Na msitu ukajibu. Upande wa mtoni ukajibu, upande wa mihogo ukajibu, nyuma ya kilima wakajibu, wanawake ambao sikuwaona wanapiga vigelegele kutoka kila mahali, mpaka nikadhani miti yenyewe inashangilia. Wakaanza kutoka. Walitoka na watoto mgongoni, na kuku kwapani, majani kwenye nywele, miguu imechanwa na miiba. Baba alitoka amebeba mbuzi mabegani.

Baba alipita moja kwa moja mpaka alipokuwa mkwe wake, akaitazama kofia iliyokuwa chini, akaiokota akaenda nayo ndani. Kofia hiyo haikurudi Kasongo tena. Kuku wa baba walitagia humo miaka mingi, na Gaspari alimlipa mwenzake kwa kumfanyia kazi zake za Jumapili.

Padri alifika jua likiwa katikati ya kichwa. Aliwakuta wageni wana tope mpaka magotini na bibi harusi ana alama za viganja kifuani na mabegani. Alitutazama kwa zamu, akauliza kama tuko tayari, tukasema ndiyo. Ndoa ikafungwa. Tukala wali wa Nyangwe na sombe iliyoungua, na sijala sombe tamu kama ile. Alama za mikono ya nyanya sikuziosha. Sista mmoja aliniomba gauni alifue, nikamnyima.

Lakini msidhani kila kitu kilikuwa sawa. Mjomba Sumaili hakuwapo. Yeye aliyetoroka orodha ya kwanza alikuwa wa kwanza kukimbia na hakusimama hata mara moja, hakuisikia ngoma. Mkono wangu ulikabidhiwa na mtu mwingine. Siku nne baadaye akarudi, alikuwa amefika mbali, karibu na Salamabila, amekonda, nyayo zimepasuka. Nilimpikia chakula cha harusi upya, mimi mwenyewe, nikaketi mbele yake akila. Akaniambia, "Feza, katika harusi yako miye nilicheza na miguu kuliko wote." Tukacheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana yeye ndiye aliyenifundisha kutembea.

Sasa nasaha yangu, na siipambi. Kadi zenu pelekeni, ni nzuri, na watu wa mjini wanazipenda. Lakini kabla ya kadi kwenda, ketini wawili mhesabu wale ambao siku haiwezi kuwa siku bila wao, anayeshika mkono, anayebariki, anayepika, aliyekulea wakati mama yako anaumwa. Hao nendeni wenyewe, kwa miguu yenu, mbele ya mlango wao. Mwiteni kila mmoja kwa jina analoitwa kwao, mumsikilize anavyoitikia. Mkiona mmoja anasita, ketini mpaka mjue kwa nini. Jueni kila mtu anaogopa nini, hata kama ni jambo ambalo ninyi mnaliona la fahari. Ukumbi wenu ukiwa na ngazi ndefu na mjomba ana goti bovu, basi ule si ukumbi wenu. Mkichagua siku ya kuvuna, mmechagua kukaa peke yenu. Wekeni nafasi kwenye mpango kwa mtu atakayechelewa, na chakula cha atakayekuja baada ya siku nne. Na mmoja wenu akinuna apate mhuri, mwenzake asimwogope. Gaspari alinipenda sana, ila siku ile angenipenda zaidi kama angeniambia hapana.

Karatasi ile ninayo. Zambarau ya mhuri imefifia, majina bado yanasomeka. Wote walioandikwa humo wamekwisha kwenda, nimebaki mimi ambaye sikujiandika.

Wanangu, Mungu awape siku isiyokimbiwa na mtu. Awape nyumba ambayo jina la mtu halisomwi humo kwa haraka. Ninyi wawili mjuane mpaka kwenye makovu, macho yakishindwa mtambuane kwa mikono. Na siku hiyo, mzee wenu wa mwisho akiinua uso akashangilia, ajibiwe mjini na kijijini, wamjibu hata wale msiowaona.